Kirukanjia Ameonekana Wapi, na Lini?

Mazungumzo ya leo yanamhusu kirukanjia, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu ambaye wengi tunamfahamu tangu utotoni akiwa amelala kando ya njia ya shambani, amekufa, wala hakuna aliyemla. Nataka tujadili swali moja tu: kirukanjia ameonekana wapi, na lini? Ni swali fupi. Lakini wako virukanjia wa milima yetu ambao majibu yote yaliyopo duniani juu yao yangeenea katika kurasa chache za daftari la shule. Sababu ya uhaba huo inatuhusu sisi tunaoishi chini ya milima hiyo.

Kwanza tumjue mnyama mwenyewe. Kirukanjia huchanganywa na panya, na hapo ndipo taarifa nyingi hupotea. Mtu akisema ameona kipanya chenye pua ndefu, habari huishia hapo. Hawa ni koo mbili zisizohusiana kwa karibu. Panya ana meno marefu ya mbele ya kugugunia, na hupenda punje na mizizi. Kirukanjia ana meno madogo yenye ncha kali, na chakula chake ni wadudu, minyoo, tandu na buibui. Pua yake haitulii hata kidogo. Macho yake ni madogo mno, na manyoya yake ni mafupi, laini, yamebanana. Ukimkuta amekufa, hesabu vidole vya mguu wa mbele: kirukanjia ana vitano, panya huonekana ana vinne. Halafu kuna harufu. Ubavuni ana tezi zinazotoa uowevu unaonuka, ndiyo maana paka humuua kisha akamwacha palepale. Mzoga ule wa njiani, mara nyingi, umetupwa na mwindaji aliyechukizwa.

Mwili wa kirukanjia hutumia nguvu kwa kasi kubwa. Moyo wake hupiga mamia ya mapigo kwa dakika moja, kwa hiyo hula mchana na usiku, na saa chache bila chakula zinatosha kumuua. Wengi hawafikishi miaka miwili. Maisha yake yote hupita chini ya majani makavu, kwenye vishimo na chini ya magogo yanayooza. Mtu anaweza kupita msituni miaka kumi, kila siku akikanyaga juu ya makao yao, asimwone hata mmoja akiwa hai.

Tusidhani basi kwamba ni wa aina moja tu. Jenasi ya virukanjia inayoitwa Crocidura ina aina zinazokaribia 200, na hakuna jenasi ya wanyama wanyonyeshao yenye aina nyingi kuishinda. Baadhi yao wametapakaa nchi nzima. Mwingine ni mgeni: kirukanjia wa nyumbani anayenuka miski, tunayemkuta Unguja, Pemba na katika miji ya mwambao, alitoka Asia akiwa ndani ya vyombo vya biashara. Huyo si haba kuonekana, na leo simzungumzii. Nawazungumzia wenyeji, wale wa asili ya hapa, ambao wamebaki katika kilele kimoja au viwili na hawapatikani penginepo popote.

Tazama ramani ya Tanzania. Kuanzia Taita upande wa Kenya, milima inashuka kuelekea kusini: Upare, Usambara, Nguu, Nguru, Ukaguru, Rubeho, Uluguru, hadi Udzungwa na Mahenge. Wataalamu huiita Milima ya Tao la Mashariki. Inapata unyevu kutoka Bahari ya Hindi, na misitu yake imedumu kwa muda mrefu sana, hata katika zama ambazo nyanda zilizoizunguka zilikauka. Milima hii ni kama visiwa. Kirukanjia wa msitu wa baridi hawezi kuvuka mbuga yenye joto ya kilomita mia moja kwenda mlima wa pili, hivyo kila kundi limebaki kwake, limezaana lenyewe, na kwa maelfu na maelfu ya miaka limekuwa na sura yake.

Sasa sikiliza jinsi tulivyochelewa kuwafahamu. Kirukanjia mmoja wa Uluguru alitambuliwa rasmi mwaka 1984, akapewa jina la Profesa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1986 Rainer Hutterer, mtaalamu wa Bonn nchini Ujerumani, aliwaeleza wengine wawili, mmoja wa Uluguru na mmoja wa Usambara Mashariki. Mwaka 1991 ikafuata aina nyingine ya milima ya kusini. Mwaka 2000 akatangazwa Myosorex kihaulei wa Udzungwa, na jina hilo, msikilizaji, ni la Mtanzania: Philip Kihaule, aliyefanya kwa miaka kazi ya kukusanya na kuhifadhi wanyama wadogo milimani pamoja na William Stanley wa Makumbusho ya Field ya Chicago.

Kisha ukaja mwaka 2005. Juu ya kijiji cha Udekwa, wilayani Kilolo, mkoani Iringa, upo msitu wa milima ya Udzungwa uitwao Ndundulu. Stanley, mwenzake Mary Anne Rogers na Hutterer walimtangaza kirukanjia wa Ndundulu aliyekuwa hajulikani kabisa katika sayansi. Wakamwita Congosorex phillipsorum. Jambo la ajabu ni jamaa zake. Virukanjia wengine wa jenasi hiyo waliokuwa wakijulikana wote ni wa bonde la Kongo, zaidi ya kilomita 1,000 upande wa magharibi, na katikati pana miombo, mbuga kavu na Bonde la Ufa. Mnyama anayetosha kwenye kiganja cha mtoto alikuwa ushahidi kwamba misitu ya Udzungwa na ile ya Kongo iliwahi kuwa na uhusiano ambao leo hatuuoni kwa macho.

Umuhimu wote wa habari hiyo umesimama juu ya mambo mawili: mahali na tarehe. Mweke kirukanjia yuleyule kwenye chupa isiyo na maandishi, hana la kusema. Huwezi kujua katoka Iringa au Kisangani. Hujui alinaswa masika au kiangazi, wala kama msitu alimokuwa bado upo. Mfungie mguuni kijikaratasi kinachosema Ndundulu, mwinuko wa mita kadhaa, siku fulani, mwezi fulani, mwaka fulani, na jina la aliyemnasa; hapo hapo anakuwa shahidi atakayeweza kuulizwa maswali miaka mia ijayo.

Hebu tuone kazi yenyewe inavyofanyika. Mitego ya kawaida ya panya, yenye chambo cha karanga, haiwanasi virukanjia vizuri, kwa sababu hawavutiwi sana na karanga. Kinachofaa ni ndoo. Stanley na wenzake walikuwa wakifukia ndoo za plastiki 11 katika mstari mmoja, kila ndoo mita 5 kutoka kwa mwenzake, mdomo wa ndoo ukiwa sawasawa na ardhi. Juu ya mstari wote wa mita 50 walisimamisha ukuta wa nailoni nyeusi wenye kimo cha nusu mita, uliopita katikati ya kila ndoo. Kirukanjia akija akikimbia chini ya majani, hukutana na ukuta, huufuata kandokando akitafuta pa kupita, na hutumbukia ndooni. Alfajiri watu hupita kukagua, na jioni hupita tena.

Baada ya hapo huja hesabu, na hesabu hiyo ni ya kiuungwana kuliko tunavyodhani. Ndoo moja ikikaa usiku mmoja, hiyo ni kipimo kimoja cha kazi. Mistari mitatu ya ndoo 11 ni ndoo 33. Zikikaa usiku 10, hapo una vipimo 330. Ukisema umepata virukanjia 6 na hukusema umefanya kazi kiasi gani, hujaniambia kitu. Ukisema umepata 6 katika vipimo 330, ninaweza kukulinganisha na mwenzako wa Uluguru aliyefanya kazi ileile. Zaidi ya hayo, ndoo tupu nayo ni taarifa. Mtu aliyetega usiku 10 mahali fulani asipate mnyama aliyekuwapo zamani ameleta habari nzito, mradi ameandika kwamba alitega, wapi, na lini.

Hiyo "lini" ina uzito wake wa peke yake. Katika baadhi ya tafiti za milimani ilionekana kwamba virukanjia hunaswa kwa wingi zaidi mvua inaponyesha. Minyoo na wadudu hutoka, majani hulowa, na mnyama hutembea zaidi. Kwa hiyo timu inayopanda mlimani wakati wa ukavu ikashuka na kusema virukanjia wamekwisha, huenda imepima ukavu tu. Kadhalika "wapi" haitoshi kuwa jina la mlima. Virukanjia wa Kilimanjaro hubadilika kadiri unavyopanda: walio kwenye msitu wa chini si wote watakaokuwa kwenye vichaka vya baridi kule juu. Kilimanjaro una kirukanjia wake, Myosorex zinki, aliyeelezwa mwaka 1956, ambaye hajulikani kutoka mlima mwingine wowote. Aandikaye tu "Kilimanjaro" ametupa nusu ya jibu. Mwinuko na aina ya uoto ndiyo nusu ya pili.

Nikupe mfano mmoja wa faida ya uandishi huo makini. Kwa miaka mingi virukanjia wa milima mingi ya kaskazini na mashariki mwa Tanzania walihesabiwa kuwa aina moja iliyoitwa Crocidura monax. Kwa macho walifanana. Stanley, Hutterer na wenzao wakachukua mafuvu, meno na vipande vya nyama vilivyohifadhiwa kutoka mlima mmoja hadi mwingine, kila kimoja kikiwa na mahali na tarehe yake, wakavilinganisha na kusoma vinasaba vyake. Mwaka 2015 wakatangaza aina tatu mpya kutoka ndani ya ile moja. Mmoja ni wa Mlima Meru, mwingine wa nyanda za juu za Ngorongoro. Katika majina waliyotoa wamo Watanzania wawili, Simon Mduma na Maiko Munissi. Na monax mwenyewe akabakia kuwa mnyama wa Kilimanjaro na Upare Kaskazini. Kama vijikaratasi vile vingekuwa vimepotea, au vimeandikwa kizembe, virukanjia hao wote wangeendelea kuonekana kama kundi moja lililotapakaa, ambalo halihitaji kuangaliwa na mtu.

Mfano wa pili: mwaka 2014 watafiti wa virusi walichunguza nyama ya virukanjia iliyokuwa imehifadhiwa kutokana na kazi hizohizo za milimani. Ndani ya kirukanjia wa Uluguru na yule wa Kilimanjaro wakakuta virusi vya kundi la hanta ambavyo vilikuwa havijulikani, wakavipa majina ya milima hiyo miwili. Waliotega ndoo hawakuwa wakitafuta virusi. Lakini kwa sababu waliandika wapi na lini, sampuli zao ziliweza kujibu swali ambalo wao wenyewe hawakuliuliza. Habari hiyo inatupa pia onyo la busara: usimshike kirukanjia kwa mkono mtupu, awe hai au amekufa.

Najua msikilizaji mwingine anauliza, je, ni lazima wauawe? Swali hilo ni la haki. Kwa virukanjia, picha peke yake mara nyingi haitoshi kuwatambua kwa aina, kwa kuwa tofauti zao ziko kwenye fuvu, kwenye meno na kwenye vinasaba. Ndiyo maana wachache huhifadhiwa, kwa kibali. Nchini kwetu mtafiti hupitia COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na TAWIRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, kabla hajagusa mnyama. Lakini njia zinaongezeka. Mwezi Novemba 2024, katika milima ya Sierra Nevada huko California, vijana watatu walimpiga picha akiwa hai kirukanjia wa Mount Lyell, ambaye kabla ya hapo hakuna aliyewahi kumpiga picha hai. Walitega mashimo, wakawa wanayakagua usiku kucha kila baada ya muda mfupi, kwa sababu walijua njaa na baridi humuua upesi. Uvumilivu wa namna hiyo unawezekana hata hapa kwetu.

Ipo njia nyingine, na mwalimu wake ni ndege tunayemwogopa bure. Bundi hachukizwi na harufu ya kirukanjia. Humla mzima, kisha hutapika mabonge ya manyoya na mifupa chini ya mti au chini ya paa anapolala. Ndani ya bonge moja huweza kuwamo fuvu la kirukanjia likiwa na meno yake kamili. Duniani kote wataalamu huokota mabonge hayo na kusoma humo orodha ya wanyama wadogo wa eneo. Mahali ambapo bundi hupigwa mawe kwa kudhaniwa mkosi, tunamfukuza mtu aliyekuwa akitukusanyia taarifa kila usiku bila malipo.

Sasa niseme kidogo juu ya sange, maana naye ana pua ndefu na watu humweka fungu moja na kirukanjia. Sange ni mkubwa zaidi, ana miguu mirefu, macho makubwa, na hukimbia mchana. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba ukoo wake ni wa tembo, pimbi, nguva na muhanga. Mwaka 2005, mlemle Ndundulu, kamera zinazojipiga zenyewe mnyama anapopita, zilizotegwa na Francesco Rovero wa Italia, zilitoa picha za sange mwenye uso wa kijivu na makalio meusi. Mwaka 2006 watafiti walirudi wakamshika. Mwaka 2008 akatangazwa kuwa aina mpya, Rhynchocyon udzungwensis, mwenye uzito wa gramu 700 hivi, mkubwa kuliko sange wengine wote wanaojulikana. Mnyama mwenye ukubwa wa sungura mdogo alikuwa akitembea mchana katika misitu miwili tu duniani, Ndundulu na Mwanihana, na sayansi haikuwa na habari zake.

Katika Pembe ya Afrika, nchini Djibouti, kulitokea jambo linalofanana. Sange wa Kisomali alikuwa hajaandikwa na wanasayansi kwa takriban miaka 50, na wengine walimhesabu amepotea. Mwaka 2019 Steven Heritage, Galen Rathbun na mtaalamu wa Djibouti Houssein Rayaleh walikwenda kumtafuta. Wenyeji waliohojiwa walimtambua kwenye picha, na Rayaleh mwenyewe alikuwa akijua yupo nchini mwake. Wakatega mitego yenye siagi ya karanga, shayiri na hamira. Mtego wa kwanza kabisa ukamleta. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Basi alikuwa amepotea kwa nani? Watu wa Djibouti walikuwa wakimwona. Kilichokosekana ni maandishi ya mahali na siku.

Habari ya kima wa kipunji ni hiyohiyo. Wawindaji wa Kinyakyusa walimzungumzia kabla watafiti hawajamwona kwenye Mlima Rungwe mwaka 2003. Mwaka uliofuata akaonekana pia Ndundulu, na mwaka 2005 dunia ikatangaziwa. Kima ana kimo na ana sauti, na bado alichelewa hivyo. Kirukanjia anayetambaa chini ya majani atachelewa mara ngapi?

Kuchelewa kuna gharama. Kwenye miteremko hiyohiyo ya Udzungwa kuna maporomoko ya Kihansi. Mwaka 1996, mradi wa umeme ukiwa umekwishaanza kujengwa, ndipo wataalamu walipomkuta pale chura mdogo wa rangi ya dhahabu aliyeishi kwenye manyunyu ya maji, eneo dogo sana, wala hajulikani mahali pengine duniani. Profesa Howell alikuwa miongoni mwa waliomweleza rasmi. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakapungua, kisha vyura wakaangamia. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini, akabaki kwenye vituo vya kuzalishia, na kuanzia mwaka 2012 juhudi za kumrudisha Kihansi zikaanza. Mnyama asiyeandikwa haingii kwenye hesabu za mpangaji. Barabara itapita, shamba litafunguliwa, moto utaingia msituni, na kwenye karatasi itasomeka kwamba hapakuwa na kitu.

Kwa hiyo, msikilizaji, hoja yangu ni hii. Tukisema kirukanjia fulani ni nadra, tunachanganya mambo mawili. Huenda ni wachache kweli, kwa sababu msitu wao ni mdogo na unaendelea kumegwa. Huenda pia ni sisi tuliomwandika mara chache. Hatuwezi kutenganisha mambo hayo mawili mpaka tuandike zaidi. Kazi hiyo haiwezi kuachiwa mgeni anayekuja wiki mbili wakati wa kiangazi kisha akapanda ndege. Stanley alirudi Tanzania mwaka hadi mwaka kwa zaidi ya miaka 20, na alifariki Oktoba 2015 akiwa kazini Ethiopia. Namheshimu kwa moyo wote. Lakini hata mtu wa bidii ile hakuweza kuwa Ndundulu siku ya kwanza ya mvua, na siku ya moto, na siku mti mkubwa ulipoanguka. Aliyekuwapo siku hizo ni mwanakijiji.

Nchi yetu ina chombo cha kufanyia kazi hii. Tangu Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 tunao usimamizi shirikishi wa misitu, na vijiji vingi vina kamati za maliasili ambazo wajumbe wake hufanya doria. Wanabeba daftari. Wanaandika visiki, mitego, tanuri za mkaa na faini. Naomba daftari hilo liongezewe ukurasa wa wanyama, wenye mambo matano tu: mahali, siku na saa, hali ya hewa, mazingira aliyokutwa mnyama, na jina la aliyemwona. Simu za siku hizi hutoa mahali kwa tarakimu na mwinuko pia. Kirukanjia akikutwa amekufa njiani, apigwe picha upande wa juu, upande wa ubavu, na meno yake, huku kando yake imewekwa rula au sarafu ili ukubwa ujulikane. Mzoga uchukuliwe kwa mfuko wa plastiki uliogeuzwa mkononi, upelekwe siku ileile kwenye ofisi ya hifadhi iliyo karibu, iwe ya TANAPA inayosimamia hifadhi za taifa au ya TFS inayosimamia misitu, pamoja na maandishi hayo. Aliye hai aachwe aende zake, na hakuna haja ya kumchimbua au kumfukuzia.

Walimu wa sayansi mlio Kilolo, Kilombero, Lushoto, Muheza, Morogoro na Same, mnaweza kulifanya somo. Watoto hupita njia za msituni na za mashambani kila asubuhi, na macho yao yako karibu na ardhi kuliko yetu. Bonge moja la bundi likiloweshwa kwenye maji ya uvuguvugu na kuchambuliwa kwa kijiti, mwalimu akiwa amevaa glovu, linafundisha meno, mifupa, chakula na mazingira katika kipindi kimoja. Na wenzetu wa Kenya mnao virukanjia-fuko wa Aberdare na wa Mlima Kenya, na yule wa Mlima Elgon aliyepewa jina mwaka 2009 tu. Nao pia wanangoja waandishi.

Kwa taasisi nina ombi la wazi. Taarifa hizi zikija, zipokelewe, na mletaji apewe jibu. Hakuna kinachoua moyo wa mwananchi kama kupeleka habari mahali ikamezwa. Chuo kikuu kikipokea picha ya kirukanjia kutoka Udekwa, na kikamrudishia mjumbe wa kamati ujumbe mfupi kwamba ni aina fulani, au kwamba haijulikani na tunaomba uendelee kutazama, mjumbe huyo atakuwa mtafiti maisha yake yote. Wageni waje, tushirikiane nao, tujifunze katika maabara zao. Hata hivyo mpangilio wa kazi ubadilike: tusiwe wabebaji wa ndoo na waonyeshaji wa njia peke yake. Jina la Philip Kihaule limeingia katika vitabu vya sayansi kwa sababu alikuwapo, alitazama, na alihifadhi kwa uangalifu. Nataka majina ya namna hiyo yawe mamia, na kumbukumbu ya kwanza ya mnyama wa mlima wetu iandikwe na mtu wa mlima huo, kwa Kiswahili, siku ileile aliyomwona.